Boksi la mazingaombwe la Soko Kuu: vikombe safi, kidole si chetu

Boksi hili la vifaa vya mazingaombwe linauzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto kuzunguka Soko Kuu, Arusha, na Moshi mjini pia linapatikana. Bei ni ya kupatana. Ndani kuna vikombe 3 na vipira vyake, karata, pete 4 za chuma, kamba, kidole gumba cha plastiki kilicho wazi ndani, cha kuvaa juu ya dole lako na kuficha kitambaa chake humo, pamoja na kitabu cha maelekezo.

Vikombe ni vizuri kweli. Vinaingiana bila kukwama, na nafasi inayobaki katikati inatosha kipira kujificha bila kugonga. Karata ni zile ambazo nusu yake imepunguzwa urefu kwa kama milimita moja. Zikishika vumbi zinagandana na mchezo unaharibika, kwa hiyo zifute kila ukimaliza. Kamba ni ngumu mno, nunua nyingine ya pamba.

Shida ipo kwenye kidole. Kina rangi ya waridi, na kifaa hiki kazi yake yote ni kutoonekana. Maelekezo yanasema rangi haina maana alimradi mkono unatembea na ncha inamwelekea mtazamaji. Ushauri huo unamfaa mtu ambaye mkono wake tayari unakaribiana na hiyo plastiki. Kwenye mkono mweusi, saa saba mchana chini ya turubai la sherehe ya kipaimara, watoto wa mbele watakinyooshea kidole kabla kitambaa hakijapotea. Anayeanza atadhani mikono yake ni mizito, kumbe kifaa ndicho kilichomwangusha. Vidole vya kahawia vinatengenezwa, ila huwa vinauzwa peke yake, maana yake mwenye ngozi nyeusi analipa mara mbili kwa mchezo uleule.

Kukipaka rangi kunawezekana. Usitumie rangi ya mafuta: kwenye plastiki laini haikauki, inabaki inanata. Kiwi ya viatu nayo itahamia kwenye kitambaa. Tumia akriliki, ile rangi inayochanganywa kwa maji. Kwaruza kidole taratibu kwa msasa laini, namba 400 inatosha, kisha kifute kwa spiriti na usikiguse tena kwa mkono mtupu. Paka tabaka 3 au 4 nyembamba, kila moja ikauke kwanza. Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanapaka rangi moja kote. Mgongo wa dole gumba ni mweusi kuliko upande wa kiganja, na ukucha una rangi yake, kwa hiyo changanya rangi mbili, uzikutanishe ubavuni kwa sifongo ili pasiwe na mstari. Ndani usipake. Kiache usiku mzima, halafu kipake poda kidogo kuua mng'ao, maana mwanga wa simu unaufichua haraka. Rangi itaanza kupasuka kwenye ukingo, pale unapobana ukikivaa, parudie mapema. Kitambaa kilichomo nacho ni kinene. Tafuta cha hariri cha sentimita 23 kwa 23.

Kitabu kinaumiza zaidi. Kila mkono uliochorwa ni wa Mzungu, na ukurasa wa pete una mtu mwenye msuko mrefu na macho yaliyochorwa kama vistari, eti Mchina. Mzaha huo una historia. William Robinson, Mmarekani, alijiita Chung Ling Soo jukwaani, akaiga onyesho la Ching Ling Foo aliyekuwa Mchina kweli, na akaendelea hivyo hadi risasi ilipomuua London mwaka 1918 katika mchezo wa kudaka risasi. Lakini Richard Potter, mwanamazingaombwe mweusi aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1783, akajaza kumbi na kununua shamba lake mwenyewe New Hampshire, hana hata mstari mmoja humu. Wala Ellen Armstrong, mwanamke mweusi aliyeendesha onyesho lake mwenyewe baada ya baba yake kufariki mwaka 1939, wakati Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe cha London, haikupokea wanawake hadi 1991. Mtoto wa Ngarenaro, hapa Arusha, anayefungua kitabu hiki anastahili kujua kwamba waliofanana naye walikuwepo jukwaani.

Jambo moja zaidi: kitabu kinakufundisha kuwaambia watu kwamba una nguvu za giza. Uiache kabisa sentensi hiyo. Mzungu akiisema hotelini watu wanacheka. Kijana wa hapa akiisema shuleni, mwalimu anaweza kumfukuza na mzazi akaja juu. Sema wazi tangu mwanzo kwamba ni mchezo wa mikono.

Kwa vikombe na karata, boksi lina thamani yake. Ukilinunua, mwambie mwenye duka aagize vidole vya kahawia mzigo unaofuata, na umwonyeshe cha waridi kikiwa kwenye mkono wake mwenyewe.