Xeno-canto na Merlin: uzoefu wangu wa kutenganisha ndege wanaofanana

Kwa yeyote anayeangalia ndege Kisumu na kandokando ya Ziwa Victoria, tetere wenye mkanda mweusi shingoni ni mtihani wa kila siku. Wako aina tatu, wote kijivu kinachoelekea waridi, wote wanapenda kukaa kwenye nyaya za umeme. Mimi huwatenganisha kwa msaada wa huduma mbili za bure: programu ya simu iitwayo Merlin, na tovuti ya rekodi za sauti iitwayo Xeno-canto. Zote nazipenda. Ila nikiambiwa nibaki na moja, nabaki na Xeno-canto.

Merlin ilitoka mwaka 2014, na ni kazi ya Cornell Lab of Ornithology ya Marekani. Unapakua pakiti ya ndege wa eneo lako ukiwa na mtandao, kisha unaitumia porini hata bando likiisha. Unaipa picha, unaiambia umepiga wapi na lini, nayo inakupendekezea majina. Pale tofauti ilipo usoni mwa ndege, msaada wake ni mkubwa. Chukua wadiria wetu wawili wadogo wa buluu na chungwa. Yule wa majini (Corythornis cristatus) kofia yake ya buluu inashuka hadi kwenye jicho. Yule wa vichakani (Ispidina picta) ana ukanda wa chungwa kati ya kofia na jicho, na shavu lake lina rangi ya zambarau. Picha moja safi ya kichwa inatosha.

Kwa tetere picha inahitaji bahati. Wote watatu kisayansi ni wa jenasi (kundi la ndege wa karibu) moja, Streptopelia, kwa hiyo nitawaita kwa jina lao la pili. Streptopelia decipiens ana jicho la njano lililozungukwa na ngozi nyekundu, wakati capicola jicho lake ni jeusi. Semitorquata ni mkubwa kidogo, jicho jekundu lililokolea, paji la uso limepauka, na mkia wake hauna nyeupe kabisa, tofauti na wenzake wawili ambao mkia ukifunguka unaonyesha weupe pembeni. Sasa mpige picha akiwa juu ya waya, jua liko nyuma yake, mkia ameufunga. Umebaki na kivuli cha tetere. Hakuna programu itakayosoma kisichokuwemo kwenye picha.

Lakini akifungua mdomo, kazi imeisha. Capicola anarudia mapigo matatu, la katikati limekazwa na lina mtetemo: ku-KURRR-ku, ku-KURRR-ku, bila kuchoka. Semitorquata ana mapigo sita, mawili ya taratibu na manne yanayofuatana: wuu wuu, wu-wu wu-wu. Decipiens anakoroma, krrrrruuu ndefu inayoshuka. Hapa ndipo Xeno-canto ilipobadilisha namna yangu ya kufanya kazi. Ilianzishwa mwaka 2005 huko Uholanzi, ikianza na ndege wa Amerika Kusini, na leo inapokea sauti za ndege wa dunia nzima kutoka kwa watu wa kawaida. Kila rekodi ina namba yake, mahali, tarehe, na daraja la ubora kuanzia A hadi E. Ukiandika jina la kisayansi la jenasi kisha cnt:kenya q:A, unaletewa rekodi safi za Kenya tu. Usiruke hatua hiyo ya nchi, kwa sababu ndege wa aina moja anaweza kubadili lafudhi kutoka eneo moja hadi jingine.

Ninachokithamini zaidi ni sonogramu, ile picha ya sauti inayoonyesha muda kwa mlalo na unene na wembamba wa sauti kwa wima. Sauti za tetere ziko chini kabisa, karibu na sakafu ya picha, na mapigo sita ya semitorquata unaweza kuyahesabu kwa kidole. Naweka rekodi yangu upande mmoja na ya tovuti upande mwingine, nalinganisha. Tovuti haikupi jibu. Inakupa ushahidi, na sikio lako linajifunza. Merlin nayo iliongeza utambuzi wa sauti mwaka 2021, ikianzia na ndege wa Marekani na Kanada, ila kwa ndege wa kwetu nimezoea kusikiliza mwenyewe.

Faida hiyo niliiona zaidi kwenye mafunjo ya Dunga, kando ya ziwa karibu na Kisumu. Mle kuna sistikola, ndege wadogo wa kahawia wenye michirizi mgongoni ambao hata wataalamu huwatenganisha kwa sauti. Cisticola carruthersi anaishi ndani ya mafunjo yenyewe. Mwenzake marginatus yuko pembezoni, na wimbo wake ni mtetemo mkali kama saa ya zamani inayotiwa ufunguo. Kwa picha peke yake mimi huandika "sistikola" na kuishia hapo. Nikiwa na sauti, na nikijua alikuwa amesimama wapi, naandika jina kamili.

Sauti nayo ina mitego. Cossypha niveicapilla, yule wa utosi mweupe na kifua cha chungwa, ni mwigaji hodari, na ukisikia ndege kadhaa wakipokezana kutoka kichaka kimoja, mtafute yeye kwanza. Vilevile naomba sana tusiwapigie ndege rekodi kwa spika ili wajitokeze, hasa msimu wa kutaga. Dume anadhani amevamiwa, anaacha kiota akamtafute adui asiyekuwepo. Xeno-canto wenyewe wanazuia rekodi za baadhi ya ndege walio hatarini zisisikilizwe hovyo, na naunga mkono uamuzi huo.

Ukiwa na rekodi ambayo huijui, ipandishe huko kama fumbo. Wasikilizaji wenye uzoefu huzipitia na kupendekeza jina, na ukipata jibu, rekodi ya kijiji chako inabaki pale kwa mwingine atakayeitafuta.