Spana ya "magari yote" ya kufungulia floti ya tangi: yote isipokuwa langu

Nyota moja, na hiyo nimeitoa kwa ajili ya boksi. Boksi ni zuri, gumu, lina picha ya spana ikiwa imeng'ang'ania kifuniko cha tangi kwa miguu yake mitatu. Juu yake pameandikwa kwamba inafaa magari yote. Muuzaji naye aliniapia hivyo hivyo huku akihesabu pesa zangu. Duka silitaji. Liko Kirinyaga Road, Nairobi, na Kirinyaga Road ina maduka mengi ya vipuri.

Gari langu ni Mini ya miaka ya sabini, ile ya Kiingereza aliyoibuni Issigonis, si hii kubwa ya siku hizi inayojiita Mini. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye sifuri hata nikitoka kujaza, na siku moja nikiuchukulia hivyo hivyo kwamba "huyu ni mwongo tu" gari likazima kwenye mzunguko na matatu zikanipigia honi mpaka masikio yakaziba. Geji yenyewe ni nzima. Nilihakikisha kabla sijagusa tangi: chomoa waya wa floti (kile kifaa chenye boya ndani ya tangi kinachoiambia geji mafuta yamefika wapi), ugusishe kwenye bodi kidogo huku swichi ikiwa imewashwa, mshale unapaswa kupanda pole pole hadi kujaa. Wangu ulipanda. Unapanda pole pole kwa sababu ndani ya geji hizi kuna kipande cha metali mbili kinachojikunja kikipata joto la umeme, hakina haraka. Basi mgonjwa ni floti.

Sasa, tangi la Mini limesimama ndani ya buti upande wa kushoto, na floti imeingizwa ubavuni mwa tangi, si juu. Inashikwa na pete nyembamba ya bati yenye vimeno vidogo. Unaisukuma pete kinyume cha saa, isizunguke hata robo, inaachia. Kazi ndogo kabisa, ila pete imekaa hapo miaka mingi kuliko umri wa fundi wako, kutu imeishika, na pembeni hakuna pa kukamata.

Hapo ndipo spana ya magari yote ilipoumbuka. Miguu yake imetengenezwa kubana kwa nje kifuniko kikubwa cha plastiki chenye mikunjo, kama vya pampu za magari ya sasa. Kwenye pete yangu haina cha kubana. Unakaza, inateleza. Unakaza tena, inateleza na kuchuna rangi ya tangi. Hata ukiifunga hadi mwisho, miguu ni minene kuliko pete yenyewe!

Nikairudisha. Sikwenda kugombana, nilikwenda na heshima zangu, "habari ya kazi, kijana wangu." Akaitazama, akanitazama, akasema kwa sauti ya duka zima: "Mzee, spana haina shida. Shida ni gari. Hiyo si upeleke makumbusho, ununue Vitz?" Wateja wakacheka. Mmoja alikuwa ameshika pedi za breki, akacheka mpaka akaziweka chini. Nikaomba basi pesa yangu. Jibu: bidhaa ikishatoka kwenye boksi hairudi.

Niambieni, ndugu zangu. Spana inajaribiwaje ikiwa ndani ya boksi?

Bado nina hasira na sentensi hiyo kuliko pesa. Pesa zenyewe ni elfu na ushei. Lakini kumwambia mtu gari lake ni la makumbusho, wakati hao hao kila mwaka wanajazana Ngong Racecourse kwenye Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, kupiga picha na magari kama langu, wanayaegemea, wanaweka mikono kwenye boneti za watu!

Kuna watakaoniuliza kwa nini sikutumia tindo na nyundo kama gereji nyingi zinavyofanya. Kwenye Mini, betri nayo iko kwenye buti hiyo hiyo, sentimita chache kutoka kwenye tangi. Chuma kugonga chuma hutoa cheche, na mvuke wa petroli hauhitaji cheche mbili. Wanaojua hutumia kipande cha shaba ya manjano, hicho hakitoi cheche, na hugonga kimeno kimoja baada ya kingine. Mimi nilikuwa nimekaribia kufanya hivyo, ila vimeno vya pete yangu vimechoka, ningevilaza vyote.

Nikaenda Kamukunji, kwa watu wa mabati. Kabla ya hapo nilibandika kadibodi juu ya pete nikaisugua kwa penseli ya seremala hadi vimeno vyote vikatokea. Fundi aliishika kadibodi, akaigeuza, akauliza swali moja tu: "Katikati kuna nini?" Hilo swali pekee lina thamani kuliko duka zima la Kirinyaga Road. Katikati kuna kichwa cha floti kinachochungulia na mahali pa waya, kwa hiyo kifaa lazima kiwe na tundu. Akachukua kipande cha paipu ya ekzosi kinacholingana na pete, akakata nafasi za vimeno kwa grainda, akafunika upande wa pili kwa sahani ya chuma, na juu ya sahani akachomelea nati kubwa ili nikamate kwa soketi. Hakuna kugonga. Ni kusukuma tu.

Bei ilikuwa chini ya nusu ya ile spana. Kingo hakuzilainisha, nilijikata kiganja, na ile "rudi saa nane" yake ilikuwa saa kumi na moja. Kwa hiyo asipewe tano. Apewe nne. Au basi mpe tano, maana nilitoa betri, nikanyonya petroli yote kwa mpira, nikalaza oili ya kulegeza kutu usiku kucha, na asubuhi kifaa kilikaa kwenye pete bila kucheza, pete ikalia kidogo na kuachia. Floti ilipotoka nikaitikisa: ndani ya boya inasikika petroli ikicheza. Ni lile la shaba lenye uwazi ndani, limetoboka, limeingia petroli, limezama. Ndiyo maana mshale ulikuwa haunyanyuki. Nimeweka nyingine na mpira mpya wa kuziba. Ule wa zamani usiurudishe hata ukionekana mzima, ukikauka haukai tena.

Sasa haki itendeke. Shemeji yangu ana gari la juzi juzi, lenye kifuniko kikubwa cha plastiki chini ya kiti cha nyuma. Akaazima ile spana. Akaniambia ilishika vizuri, ikafungua bila jasho, na kufunga pia. Nikafikiri, basi chombo si kibaya, kilichoandikwa juu yake ndicho kibaya. Nikapandisha hadi nyota tatu, nilikuwa nimeshaandika hivyo.

Kisha shemeji akapita duka lile lile kununua chujio, wakajuana kwa maongezi, na muuzaji akamuuliza kama yule mzee wa makumbusho ameshanyamaza.

Nyota moja. Spana anayo shemeji, hajairudisha, nami sijamdai.