Cozumel kwa familia isiyojua kuogelea: boti ya Palancar, Colombia na El Cielo

Ikiwa kwenu kuna mtu mzima ambaye hajawahi kuingia maji yanayopita magoti, na mnapanga kupanda meli ya kitalii ya Karibi, basi meli ikifika kisiwa cha Cozumel, Meksiko, chukueni safari ya boti ndogo inayopita miamba ya matumbawe ya Palancar na Colombia na kumalizia El Cielo, penye maji mafupi juu ya mchanga. Naandikia hasa familia za Nairobi. Wengi wetu tumekulia mbali na bahari, na maelezo ya matembezi haya huandikwa kwa watu waliofundishwa kuogelea tangu chekechea.

Nina van mbili za kubeba watoto wa shule, Umoja na Donholm. Kila asubuhi nahesabu watoto wakipanda, nawahesabu tena wakishuka, na nakagua kila mkanda kabla dereva hajaondoa gari. Chombo chochote kitakachobeba wanangu nakikagua hivyo hivyo, mandhari baadaye.

Tulikuwa wanane. Mimi, mume wangu, kifungua mimba wetu wa miaka 13, kitinda mimba wa miaka 7, na mama yangu, ambaye watoto wanamwita shosho. Wengine ni dada yangu mkubwa, muuguzi anayeishi Houston, na wanawe wawili. Yeye ndiye aliyetulipia meli kutoka bandari ya Galveston, Texas, likizo ya Desemba.

Habari ya viza niimalize haraka kwa sababu kila ninayemwambia anaiuliza. Mwenye pasipoti ya Kenya hahitaji viza ya Meksiko akiwa na viza halali ya Marekani. Lakini viza hiyo iwe ya kuingia mara nyingi, maana meli ikirudi Galveston unaingia Marekani upya.

Tiketi za boti tulinunua kwenye dawati la matembezi la meli, dola 79 kwa mtu mzima na dola 59 kwa mtoto. Ya mtu mzima inapita kidogo shilingi 10,000. Wapo mawakala wanaouza mtandaoni na hata pale nje ya gati kwa bei ya chini. Nikiwa na watoto na mzee nitalipa ya meli kila mara, kwa sababu moja: safari iliyouzwa na meli ikichelewa kurudi, meli inawasubiri. Ukijinunulia nje ukachelewa, inang'oa nanga na mizigo yako ndani.

Na kuchelewa si jambo gumu pale. Jimbo la Quintana Roo, ambamo Cozumel imo, lilibadilisha majira yake mwaka 2015 na tangu hapo halisogezi saa mwaka mzima. Desemba, Cozumel iko saa moja mbele ya Texas. Simu ya mume wangu ilijigeuza yenyewe tulipokaribia nchi kavu, ilhali tiketi zilifuata saa za meli. Muulizeni mhudumu wa dawati saa iliyoandikwa ni ya wapi, kisha familia nzima ifuate saa moja ya mkononi.

Kasoro ya kwanza ilikuwa hapo hapo gatini. Tulisimamishwa juani muda mrefu tukisubiri wenzetu watimie, hakuna kivuli wala benchi. Mama alikalia begi. Kampuni inayochukua pesa za wazee inaweza kuweka viti vichache na turubai.

Boti yenyewe ilinipendeza tangu nilipoiona. Ilikuwa na injini mbili nyuma, turubai juu, viti vya kuzunguka pembeni, na ngazi pana ya chuma inayoshushwa majini. Abiria tulikuwa 20, mabaharia wanne. Zipo boti kubwa za ghorofa zinazobeba umati na muziki wake. Zilitupita zikiwa zimejaa, nami nikashukuru hatukuchukua hizo. Baharia mmoja kwa abiria watano ni hesabu ninayoielewa.

Kabla injini haijawashwa, nahodha alituhesabu akianzia mbele. Baharia mwingine akahesabu akianzia nyuma. Wakatajiana namba, zikalingana, ndipo kamba ikafunguliwa. Walifanya hivyo kila kituo, hata pale El Cielo ambapo maji ni ya kiunoni na macho yangewatosha. Nimefanya kazi na madereva wengi wazuri ambao bado nawabembeleza wahesabu mara mbili.

Majaketi ya kuokolea maisha yalikuwa ya saizi zote, na ya watoto yalikuwa na mkanda unaopita katikati ya miguu ili jaketi lisimvuke mtoto kichwani akitumbukia. Kila kishikizo kilivutwa kwa mkono wa baharia. Miwani ya kuzamia ndiyo iliyokuwa haba kwa watoto. Ya kitinda mimba iliingiza maji, wakambadilishia, ya pili nayo ikaingiza. Ya tatu ndiyo iliyokaa. Mwenye mtoto wa chini ya miaka kumi amnunulie yake kabla ya safari na aijaribu bwawani huku nyumbani.

Mafuta ya kujikinga na jua hayaruhusiwi. Miamba hii imo ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari iliyotangazwa mwaka 1996, na kemikali za mafuta mengi ya aina hiyo hudhuru matumbawe. Kwa hiyo vaeni nguo za kuogelea za mikono mirefu, na kofia mkiwa botini. Msidanganywe kwamba ngozi nyeusi haiungui; jua la mchana lililoakisiwa na maji lilimwunguza mume wangu kipara.

Mwendo hadi Palancar ni dakika 40 hivi kuelekea kusini, upande wa magharibi wa kisiwa, ambao umekingwa na mawimbi ya bahari kuu. Mwamba huu ni sehemu ya mfumo wa matumbawe unaoanzia Meksiko, ukapita Belize na Guatemala hadi Honduras, karibu kilomita 1,000. Cha kujua mapema ni kwamba pale mtu hapigi mbizi na kurudi alikoanzia. Kuna mkondo unaokwenda kaskazini. Unashuka, unalala kifudifudi juu ya maji, mkondo unakubeba polepole juu ya mwamba, na boti inawafuata kutoka nyuma na kuwaokota mbele. Kiongozi wetu alielea akiwa na boya la mviringo lenye kamba, na asiyejiamini alishika kamba hiyo. Kitinda mimba alishika mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemwambia aachie.

Maji yalikuwa angavu kiasi kwamba chini kabisa kulionekana kama kuko karibu kumbe ni mita nyingi. Niliona sifongo kubwa za rangi ya chungwa, matumbawe laini ya zambarau yakiyumba na mkondo, na samaki waitwao pono, wa bluu na kijani, wakiguguna mwamba. Tulieni chini ya maji mtasikia meno yao. Sikuwa najua sauti hiyo ipo, na mpaka leo watoto wanaiigiza mezani.

Kulikuwa pia na sehemu nyeupe zilizokufa. Kifungua mimba aliuliza, na kiongozi akamjibu bila kuficha: kuna ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe magumu, ulifika pwani hiyo ya Meksiko mwaka 2018. Mwaka 2019 serikali ilifunga kwa muda Palancar, Colombia na El Cielo ili zipumzike kutokana na watalii. Nilimheshimu kwa kumjibu mtoto kama mtu mwenye akili, wakati kazi yake ingemruhusu kusema kila kitu ni kizuri.

Colombia kulikuwa na maji mafupi zaidi na majani ya bahari. Tuliona samaki aitwaye taa, yule bapa, akiwa amejifukia mchangani macho nje, na kasa aina ya ng'amba aliyepanda juu kuvuta pumzi karibu na mpwa wangu. Hapo hatukukaa sana.

El Cielo ndiko nilikotaka kuwafikisha. Ni mchanga mweupe uliotandazika chini ya maji ya kiunoni, sehemu nyingine ya kifuani, mbali na ufuo. Boti zinafunga hapo, watu wanashuka na kusimama katikati ya bahari. Mchangani wamo viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota, wakubwa, rangi ya kahawia na chungwa, wanene kuliko wale tunaowaona Diani.

Mama yangu alikuwa hajatoka kitini tangu gatini. Tulipokwenda Shimoni kuiona hifadhi ya Kisite, alibaki botini vilevile, kwa sababu jaketi alilopewa na boti ile lilikuwa na kishikizo kilichovunjika, na alipouliza akaambiwa akae tu, hakuna shida. Mtu akishajibiwa hivyo bahari inamfunga. Kwa hiyo hapa aliniambia, "Mwanangu, nendeni. Mimi nitawaangalia nikiwa hapa."

Kiongozi hakumshawishi kwa maneno. Alishuka yeye mwenyewe, akasimama chini ya ngazi, akamwonyesha kwa mkono maji yanamfika wapi. Akangoja. Watu wengine walikuwa wameshaanza kuogelea na yeye bado amesimama pale pale. Baada ya kitambo mama akainuka. Alikuwa amevaa suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu na leso juu yake, kama anavyojistahi. Baharia wa kike akamwomba aikunje leso na kuifunga kiunoni isije ikanasa kwenye ngazi, akamsaidia kuifunga kwa adabu, wala hakumwambia aivue. Injini zilikuwa zimezimwa. Akashuka kinyumenyume, kidato kimoja kimoja, baharia juu amemshika mkono, kiongozi chini amemshika kiwiko, na dada yangu akilia.

Akasimama. Maji yakamfika kiunoni. Kitinda mimba akaja na miwani yake, "Shosho, weka uso tu, miguu yako iko chini." Akashika boya, akainama, akaangalia. Alikaa hivyo kwa muda mpaka nikaanza kusogea. Alipoinua uso alisema, "Kumbe wanatembea!"

Ni kweli. Kiti cha pweza akitazamwa na mtu asiye na haraka, anasogea. Mimi nilikuwa nimewapita wengi bila kuona.

Sheria pale ni kutowagusa kabisa wala kuwatoa majini. Watu wa boti ya jirani walimwinua mmoja wapige picha, na kiongozi wetu akawapigia kelele kwa Kihispania hadi wakamrudisha. Waelezeni watoto sheria hii hotelini au melini, kabla furaha haijawapanda.

Chakula kililetwa kwenye sinia linaloelea: nanasi, papai, chipsi za mahindi na parachichi iliyopondwa, na samaki mbichi aliyeloweshwa ndimu na kuchanganywa na nyanya, vitunguu na dhania, mithili ya kachumbari yenye samaki ndani. Mume wangu alirudia sahani. Mama hakugusa samaki asiyepikwa, nao wakamwongezea nanasi.

Kurudi, muziki ulifunguliwa kwa sauti kubwa kupita kiasi kwa watoto waliochoka. Dada aliomba wapunguze, wakapunguza kidogo. Picha walizotupiga waliziuza ghali na kwa kuharakisha watu. Tulinunua moja tu, ile ya mama. Na boti hizi ndogo nyingi hazina choo. Yetu haikuwa nacho, na safari nzima ni zaidi ya saa tatu. Kwa mzee wa kisukari au mtoto mdogo hilo ni jambo la kuulizwa kabla ya kulipa, wala dawati halikulitaja mpaka tulipouliza.

Kuna wanaoniuliza kama inashinda bahari yetu. Kwa samaki na matumbawe, sioni sababu ya Mkenya kujidharau. Kisite nimeona samaki wengi vilevile, na pomboo juu yake, na Watamu na Malindi zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1968, miaka 28 kabla ya Cozumel. Treni ya Syokimau hadi Mombasa, kisha gari hadi Shimoni, ni safari ambayo familia nyingi zinaweza kuimudu kwa kuweka akiba. Tofauti niliyoiona iko mikononi mwa mabaharia: jaketi zima, hesabu mara mbili, na mtu wa kusimama majini akimngoja mzee aamue mwenyewe. Hayo hayahitaji Karibi. Wenye boti wetu wa Pwani wakiyafanya, nitawapelekea wateja kwa van zangu mwenyewe.

Kwa watakaokwenda Cozumel kati ya Novemba na Februari, jueni kuna pepo za kaskazini ambazo hufanya bandari ifungwe kwa boti ndogo. Safari ya boti iliyouzwa na meli ikifutwa kwa hali ya hewa mnarudishiwa pesa. Bebeni noti ndogo za dola kwa ajili ya mabaharia. Sisi tulimpa kiongozi na yule dada wa leso kila mmoja yake mkononi. Na agizeni nafasi kabla meli haijaondoka Galveston, kwani kufikia siku ya pili baharini boti ndogo zilikuwa zimejaa, zimebaki zile za ghorofa.