NAPALM kwa kusoma taarifa za swichi: uzoefu wangu

Mtandao ninaousimamia ni wa chuo, na swichi zake (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwa kebo) zilinunuliwa kwa awamu, kila awamu na bajeti yake na zabuni yake. Ndiyo maana majengo mengi yana Cisco Catalyst, chumba cha seva kina Arista, jengo jipya lina Juniper EX, na karakana bado inategemea HP ProCurve za zamani ambazo hazijakubali kufa. Ukitaka kujua jambo moja tu, tuseme mashine fulani imechomekwa poti (tundu la kebo) gani, inabidi uingie swichi moja baada ya nyingine, na kila kampuni ina amri zake na namna yake ya kupanga majibu. Kazi hiyo sasa naifanya kwa NAPALM, na kwa upande wa kusoma taarifa nimeridhika nayo kuliko chombo kingine nilichowahi kutumia.

NAPALM ni maktaba ya Python, ya bure, chini ya leseni ya Apache 2.0. Walioianzisha ni David Barroso na Elisa Jasinska. Kuisakinisha ni pip install napalm, basi. Kwenye skripti unachagua dreva, yaani sehemu inayojua kuongea na aina fulani ya swichi (ios na nxos za Cisco, eos ya Arista, junos ya Juniper), unatoa anwani, jina la mtumiaji na nenosiri, kisha unaita methodi zinazoanza na get. Kwa mfano get_facts inakuletea modeli, namba ya kipekee ya kifaa (serial number), toleo la mfumo, orodha ya poti na muda ambao swichi imekuwa hewani, kwa sekunde.

Uzuri wenyewe ni kwamba jibu linakuja na umbo lilelile bila kujali limetoka swichi gani. Chukua anwani ya MAC, ile namba ya kipekee ya kadi ya mtandao ya kila kifaa. Cisco huiandika 0011.2233.4455, ProCurve 001122-334455, Juniper 00:11:22:33:44:55. Ukitafuta kwa kunakili na kubandika, anwani moja inakupita mara tatu. NAPALM huzigeuza zote ziwe za herufi kubwa zenye nukta pacha, kwa hiyo skripti moja yenye sharti moja inapekua Catalyst, Arista na Juniper pamoja.

Hili lilinisaidia sana upande wa hosteli. Wanafunzi walianza kulalamika kwamba wameunganishwa lakini intaneti hakuna. Kompyuta ya mmojawao ilikuwa imepewa anwani inayoanza na 192.168.0, ambayo kwetu haipo kabisa. Maana yake kuna mtu kachomeka ruta ya Wi-Fi ukutani, tena kwa poti ya LAN, na ruta hiyo inagawa anwani kwa DHCP (huduma inayozipa kompyuta anwani zenyewe) kwa jengo zima. Kwenye kompyuta ileile, amri ya arp -a inakupa MAC ya ruta. Kilichobaki ni kujua ipo poti gani, na hapo get_mac_address_table inaingia: kila mstari wake una MAC, poti na VLAN (kipande cha mtandao kilichotengwa ndani ya swichi).

Ila ukiitumia peke yake utachanganyikiwa, kwa sababu MAC hiyo itaonekana kwenye karibu kila swichi iliyo kwenye VLAN hiyo. Swichi ya kati inaiona kupitia kebo inayoelekea hosteli, swichi ya ghorofa ya kwanza inaiona kupitia kebo ya ghorofa ya tatu, na kadhalika. Kwa hiyo skripti yangu huita pia get_lldp_neighbors, inayosoma LLDP (itifaki ambayo swichi hutumia kujitambulisha kwa majirani zake), inazitambua poti zinazotazamana na swichi nyingine, na kuzitoa kwenye orodha. Poti inayobaki ndiyo ya mkosaji. Nililetewa jina la swichi na namba ya poti kabla sijainuka kwenye kiti, nikamtuma fundi moja kwa moja kwenye chumba husika. (Dawa ya kudumu ni DHCP snooping, inayofanya swichi izuie ugawaji wa anwani kutoka poti zisizoaminika, na tumeshaiwasha.)

Ukitaka kufuata njia hii, kumbuka kwamba Catalyst nyingi huja LLDP ikiwa imezimwa, zinaongea CDP tu, itifaki ya Cisco yenyewe ya kazi hiyohiyo. Usipowasha lldp run, majirani watarudi orodha tupu na hutaoneshwa kosa lolote. Arista nayo inahitaji management api http-commands iwashwe, kwa sababu dreva ya eos hupitia API ya HTTPS (mlango wa programu kuongea na swichi), na Juniper inahitaji set system services netconf ssh, inayowasha NETCONF, itifaki ya kusimamia vifaa, ambayo husikiliza poti namba 830 ya mtandao (si tundu la kebo).

Tofauti hiyo ya njia za kuongea ina uzito. Arista na Juniper hurudisha data iliyopangwa, JSON au XML, na sijaona majibu yake yakiyumba. Dreva ya ios ni kisa kingine. Inaingia kwa SSH (njia salama ya kuandika amri kwa mbali) kupitia Netmiko, maktaba ya Kirk Byers, inapiga amri za show na kusoma maandishi ya skrini kama binadamu. Toleo la IOS likibadilisha mpangilio wa safu, usomaji unaweza kukwama. Pia kuna taarifa haileti: kwenye get_interfaces ya ios, last_flapped (muda tangu poti ilipozimika au kuwaka mara ya mwisho) hurudi -1.0, maana yake haijulikani. Anayechora grafu bila kuliangalia hilo atapotosha wenzake.

ProCurve hazimo kwenye dreva za msingi. Kwa hizo natumia Netmiko yenyewe, aina hp_procurve, nikiwasha use_textfsm (violezo vya kusomea maandishi) ili maandishi yageuzwe kuwa data. Inafanya kazi, ila majina ya safu ni tofauti na ya NAPALM, hivyo inabidi uyaoanishe mwenyewe.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni akaunti. Dreva ya ios hujaribu kuingia enable (hali ya amri za msimamizi) mara tu inapofungua muunganisho, isipokuwa ukiweka force_no_enable. Watu wengi humaliza usumbufu huo kwa kuipa skripti akaunti ya privilege 15, yenye mamlaka yote, na nenosiri lake wakaliacha wazi ndani ya faili. NAPALM inaweza pia kubadilisha konfigi (mipangilio ya swichi), kwa hiyo faili hilo likivuja, mtandao wote uko mikononi mwa mwingine. Nenosiri likae nje ya skripti, na kwenye laini za vty (zinazopokea miunganisho ya mbali) weka access-class, kizuizi cha anwani, inayoruhusu seva ya usimamizi pekee.

Faida ambayo sikuitarajia imetoka kwenye uptime, ule muda ambao swichi imekuwa hewani. Umeme ukikatika na kurudi, naita get_facts kwa swichi zote na kuzipanga kwa muda. Zilizojiwasha upya zinajitokeza juu ya orodha, na hizo ndizo ambazo betri za UPS zake (vifaa vya akiba ya umeme) zimechoka. Orodha hiyo naiambatanisha kwenye maombi ya ununuzi, na haijawahi kurudishwa kwa kukosa ushahidi.

Mwenye swichi za kampuni moja tu, tena chache, Netmiko itamtosha. Mwenye mchanganyiko kama wangu aanze na get_facts kwa swichi moja ya kila aina, aone kipi kinarudi kamili na kipi hakirudi, ndipo aandike skripti ya mtandao mzima.