EMIM-TFSI juu ya transista ya grafini: volti chache, masharti mengi

Kimiminika cha ioni (chumvi iliyo katika hali ya kimiminika) kiitwacho EMIM-TFSI huuzwa katika chupa ndogo, hakina rangi, na kwa kukitazama tu mtu angeweza kukidhani mafuta mepesi ya kula. Kwa anayetengeneza vihisi vya grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja), kazi yake ni kukaa kati ya geti, elektrodi inayodhibiti mkondo wa transista, na grafini kama daielektriki (kihami), mahali ambapo mara nyingi huwekwa oksidi ya silikoni yenye unene wa nanomita 300. Ioni zake hujipanga juu ya grafini na kujenga tabaka pacha la chaji lenye unene wa nanomita 1 hivi, kwa hiyo kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) hufikia maikrofaradi kadhaa kwa kila sentimita ya mraba, ilhali oksidi ile hutoa takriban nanofaradi 11.5 tu. Kazi iliyokuwa ikidai makumi ya volti humalizwa kwa volti 1 au chini yake, na mchoro wa mkondo dhidi ya volti ya geti, wenye umbo la V, hujitokeza wote, bonde lake likiwa bayana.

Shida kubwa ni maji. Chupa ikiachwa wazi, kimiminika hufyonza unyevu wa hewani, na masafa ya volti kinayoweza kuhimili, ambayo kikiwa kikavu hufika kama volti 4, hupungua. Mkondo unaovuja hupanda, bonde la V huhama kila unapopima upya, na lawama huangukia grafini isiyo na hatia. Lebo ya chupa yangu ilidai kuwa kimekaushwa, lakini vipimo havikutulia mpaka nilipokipasha moto katika ombwe usiku kucha. Ioni zake pia huenda polepole: ukipandisha volti haraka, mchoro wa kwenda na wa kurudi haulingani.

Kwa kihisi cha gesi ningekichagua bila kusita, kwani karibu hakivukizi kabisa. Kwa kupima DNA au protini, kukinunua ni kupoteza pesa, maana pale maji ya chumvi yenye sampuli ndiyo yanayokaa kati ya geti na grafini, yakiwa na elektrodi rejea (yenye volti thabiti ya kulinganishia) ya fedha na kloridi ya fedha. Cha kuangalia hapo ni kiasi cha chumvi: katika bafa ya fosfeti ya kawaida (maji ya chumvi yanayotuliza kiwango cha asidi), athari ya chaji hufifia ndani ya nanomita 0.7 hivi, na molekuli iliyo mbali zaidi ya hapo haihisiwi vizuri. Ukiizimua bafa hiyo mara 100, umbali huo hufika takriban nanomita 7.