SITL ya ArduPilot: kwenye kompyuta inaruka safi, uwanjani je?

Natumia SITL, yaani kiigizaji cha ArduPilot (programu ya kuongoza droni), kupima misheni, yaani mipango ya safari, za droni ya kupiga picha za mashamba kabla sijaipeleka uwanjani, na kwa kitu cha bure inanifaa sana. Ni programu ileile inayoongoza droni yenyewe, ila inaendeshwa ndani ya kompyuta na kulishwa vipimo vya kubuni vya GPS, dira na betri. Ukiiwasha utajikuta Canberra, Australia. Usishtuke, unaweza kuihamishia Dodoma.

Kwa kukagua mpangilio wa misheni haina mpinzani. Kwa mfano, umeandika urefu wa mita 50 kutoka usawa wa bahari badala ya kutoka ulipoondokea: kwa Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, huko ni chini ya ardhi. Afadhali uligundue hilo ukiwa mezani.

Kilichonitoa jasho ni dira. Misheni ilipita bila doa kwenye kompyuta, lakini uwanjani droni ilifika nukta ya kwanza ikaanza kuzunguka, kila duara likizidi kupanuka. Nikaiweka AltHold, modi ya kushika urefu isiyotegemea GPS, nikaishusha kwa mkono na kufungua logi, yaani kumbukumbu ya safari. Grafu ya sumaku ilikuwa inapanda na kushuka sambamba na mkondo wa betri: mota zikivuta umeme, dira inapotea. Mwongozo wa ArduPilot unasema badiliko hilo la sumaku la hadi asilimia 30 linavumilika, likizidi 60 ni hatari. Langu lilishavuka hapo, maana waya nene za betri zilipita karibu kabisa na dira. Nikasokota nyekundu na nyeusi pamoja, nikainua GPS yenye dira juu ya kimlingoti, nikafanya kalibresheni upya. Duara likaisha. SITL isingenionyesha hilo; dira yake haina jirani.

Kingine ni mawasiliano. Kwenye kompyuta, skripti ya Python na droni viko mashine moja, ujumbe haupotei. Uwanjani kuna redio ya telemetri, inayounganisha droni na kompyuta, mara nyingi kwa kasi ya biti 57600 kwa sekunde, na amri nyingine hazifiki kabisa. Skripti isubiri jibu la droni, isipolipata itume tena.

Upepo nao usipouwasha haupo. Weka kigezo cha SIM_WIND_SPD kiwe 8, yaani mita 8 kwa sekunde, uone droni inavyoinama. Betri ya humo usiiamini sana, haizeeki.

Kama droni yako ni ya dukani, ya kupiga picha za harusi, haya hayakuhusu. Kama unaunda mwenyewe kwa Pixhawk, kibodi cha kuongozea droni, anza na Mission Planner, programu ya kupangia misheni, kwenye Windows: sehemu ya Simulation imo humohumo, huna haja ya kuhangaika na Linux.