Mashine ya kufua ya kilo 7 na maji ya Nairobi: uzoefu wangu

Ninayotumia ni mashine ya mlango wa mbele, kilo 7, inayokamua hadi mizunguko 1200 kwa dakika, yenye hita ya wati 2000. Inafua safi, mota yake haina kelele, na ningeinunua tena. Ila hukumu hiyo ina sharti: pima maji yako kabla ya kulipa. Malalamiko mengi kuhusu mashine za aina hii, kwamba haivuti maji, haimwagi, inanuka, inaacha unga kwenye nguo, hutokana na maji, sabuni au mpira uliowekwa vibaya. Fundi akiitwa hubadilisha kipuri kizima, na tatizo linabaki palepale.

Tuanze na presha. Mashine nyingi za mlango wa mbele hudai angalau baa 0.3, na zipo zinazotaka baa 1. Kila mita 10 za kimo, kuanzia usawa wa maji kwenye tangi la juu ya jengo hadi kwenye mashine, hukupa baa 1. Kwa hiyo anayeishi chini katika jengo la ghorofa tano hana wasiwasi. Wa ghorofa ya mwisho, ambaye tangi limekaa mita 2 tu juu ya mashine yake, ana baa 0.2, na siku za mgao, tangi likipungua, hata hiyo haipati. Mashine itasubiri weee, kisha ikate tamaa na kuandika kosa: LG huonyesha IE, Samsung huonyesha 4C au 4E. Njia yangu ya kupima ni mtungi wa lita 5 chini ya mfereji uleule utakaofunga mashine. Usipojaa ndani ya dakika moja, tafuta kwanza pampu ndogo ya kuongeza presha, ile inayojiwasha mfereji ukifunguliwa, au nunua mashine ya mapipa mawili ambayo unaweza kuijaza kwa ndoo. Muuzaji dukani hatakuuliza unaishi ghorofa ya ngapi.

Presha ikiwa nzuri na bado maji yanaingia kwa kuchuruzika, angalia wavu wa pale maji yanapoingilia. Mgao ukiisha, maji ya kwanza huja na tope na kutu ya mabomba, na vyote hunasa kwenye kichujio kidogo pale mpira wa maji unapofungwa nyuma ya mashine. Chomoa plagi, funga mfereji, fungua nati ya mpira kwa mkono, vuta wavu kwa koleo taratibu, usugue kwa mswaki mzee chini ya maji, urudishe. Hakikisha raba ya duara imekaa ndani ya nati, la sivyo itavuja. Kinga yake ni rahisi zaidi: maji yakirudi, yaache yatiririke kwenye ndoo hadi yawe meupe kabla ya kufungua mfereji wa mashine. Ndoo hiyo itapiga deki.

Kuna tatizo moja ambalo watu wengi hulitafsiri vibaya: mashine inavuta maji bila kukoma, saa inapita, nguo hazijaa maji, na bili inapanda. Sababu mara nyingi ni mpira wa kutoa maji kulazwa sakafuni kuelekea shimo la bafu, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za kupanga. Ncha ya mpira ikiwa chini kuliko maji yaliyo ndani ya pipa, maji hujivuta yenyewe kutoka, bila pampu kuwashwa. Mashine inaona kiwango hakijafika, inaongeza, yanatoka, inaongeza tena. Kuthibitisha, isimamishe wakati inajaza na utazame ncha ya mpira. Maji yakitoka huku pampu imenyamaza, jibu umepata. Inua ncha hadi sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, ama ndani ya bomba la wima au kwenye ukingo wa sinki, kwa kutumia kile kishikio cha plastiki kilichokunjwa kinachokuja na mashine. Usiuzamishe zaidi ya sentimita 15 ndani ya bomba, wala usizibe nafasi inayobaki kwa tepu. Hewa lazima ipite. Na usipandishe juu kupita mita moja, kwa maana pampu itashindwa kusukuma.

Sasa sabuni, ambayo ndiyo inayoua mashine nyingi polepole. Maji ya mfereji ya Nairobi hutoka zaidi kwenye mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayolishwa na mito ya milima ya Aberdare, na ni maji laini, yaani yenye madini machache ya chokaa. Maji laini hutoa povu kwa sabuni kidogo. Ukimwaga kikombe kizima cha sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono, povu linajaza pipa, nguo zinaelea juu yake badala ya kusuguana, pampu inavuta hewa, na mwisho unapata michirizi myeupe kwenye suruali nyeusi. Nunua sabuni iliyoandikwa kwamba ni ya mashine, ile ya povu dogo. Kwa kilo 4 au 5 za nguo, gramu 40 zinatosha, yaani vijiko vinne vya mezani visivyo na kilima. Nguo chafu sana, 60. Maji ya kisima hutofautiana mtaa kwa mtaa, hivyo anza na kiasi hichohicho na uongeze kijiko kimoja kimoja iwapo povu halionekani kabisa kwenye kioo. Povu likishazidi, usiongeze maji kwa kubahatisha: simamisha, chagua kusuuza na kukamua, rudia hadi maji yatoke bila povu.

Hapa pia ndipo ninapoinyima mashine yangu nyota moja. Kwa presha ndogo, maji hayasafishi droo ya sabuni ipasavyo, na unga hubaki umeganda kama saruji. Sabuni ya majimaji huondoa kero hiyo. Programu ya dakika 15 nayo husuuza vibaya. Itumie kwa kilo 2 za nguo zilizotoka jasho tu. Ya pamba ya kubana matumizi huzidi saa tatu, na si kasoro: inatumia joto dogo kwa muda mrefu.

Udongo mwekundu kwenye soksi na sare za shule una namna yake. Rangi yake ni madini ya chuma, kwa hiyo Jik haiitoi, na kwa maji ya kisima yenye chuma Jik huweza hata kuacha nguo nyeupe na madoa ya kutu. Acha tope likauke, likung'ute, loweka kwa maji baridi na sabuni, kisha fua kwa digrii 40. Alama ikibaki kwenye nguo nyeupe, kamulia ndimu, ngoja nusu saa, suuza. Leso mpya zifue peke yake mara za kwanza, kwa maji baridi.

Maji yakigoma kutoka (OE kwa LG, 5C au 5E kwa Samsung), fungua kifuniko kidogo chini mbele. Chomoa plagi kwanza, na kama ulikuwa unafua kwa maji moto, subiri yapoe. Weka beseni bapa, toa kijimpira cha dharura na umwage, halafu zungusha kofia ya chujio kinyume cha saa, kidogo kidogo. Utakuta sarafu, vibanio vya nywele, nyuzi, na mara kwa mara waya wa sidiria. Kisha mulika ndani kwa tochi ya simu na uguse panga la pampu kwa kidole. Likizunguka kwa kurukaruka usiogope, ni sumaku. Likikwama, kuna kitu kimejifunga. Funga kofia hadi mwisho. Ikilegea sakafu itafurika. Mlango uliokataa kufunguka pia hutibiwa hapa, kwani haufunguki maji yakiwa bado ndani. Mimi hulisafisha chujio kila mwezi.

Harufu hukaa kwenye mikunjo ya raba ya mlango. Ipanguse baada ya kila ufuaji na uache mlango wazi, droo nayo. Kila mwezi endesha mashine tupu kwa digrii 60 au zaidi, bila nguo. Ukitaka Jik, mililita 100 kwa programu ya baridi au vuguvugu, halafu suuza mara mbili. Kamwe usiichanganye na siki, wala usifuatishe moja baada ya nyingine bila kusuuza, maana hutoa gesi ya klorini. Mwezi wa Juni na Julai, nguo hukawia kwenye kamba na kunuka uvundo. Kamua pamba kwa 1200 na uzianike mara tu zinapomaliza.

Kuruka na kugonga ukuta: kwanza hakikisha boliti nne za safari zimetolewa nyuma. Zihifadhi, utazihitaji siku ya kuhama. Pili, vyumba vya kufulia na baraza hapa hujengwa kwa mteremko kuelekea shimo la maji, kwa hiyo tumia pima maji (kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa), rekebisha miguu, kaza nati zake za kufungia. Blanketi moja zito likijikusanya upande mmoja, mashine itakataa kukamua (UE kwa LG, UB kwa Samsung). Lipange upya au ongeza taulo mbili.

Umeme: hita ya wati 2000 kwa volti 240 huvuta karibu ampea 8.3. Kifaa cha kulinda friji cha ampea 5 kitaungua, na ekstensheni nyembamba itayeyuka. Chukua kinga ya ampea 13, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Stima ikipotea katikati, zima swichi hadi irudi na itulie.

Kelele pekee inayostahili fundi mara moja ni ile ya kunguruma inayoongezeka kadiri kasi ya kukamua inavyopanda. Mashine ikiwa imezimwa, zungusha pipa tupu kwa mkono, kisha liinue kwa juu. Likikwaruza, au likicheza peke yake mbali na pipa la nje, beringi zimekwisha. Kabla hajafungua chochote, mwulize kama pipa la nje limeunganishwa kwa boliti au limechomelewa. La kuchomelewa hubadilishwa zima, na mara nyingi bei yake huikaribia ya mashine nyingine.